Nataka kutafiti majeraha ya ubongo, nyumbani wanasema nitauacha udaktari

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni daktari wa miaka 29, niko kitengo cha dharura katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kanda ya Ziwa. Safu yako naisoma siku nyingi, ila sikuwahi kuandika kwa sababu wengi wanaokuuliza ni wagonjwa, na langu ni la kazi.

Usiku wagonjwa wetu wengi ni wa bodaboda, dereva au abiria, na wengi wameumia kichwa. Hivi karibuni madereva walimleta mwenzao, kijana, anaongea vizuri, anauliza pikipiki yake iko wapi. Tukamlaza, tukaanza kumsafisha kidonda. Sijamaliza hata kuandika faili, muuguzi akaniita: amelala, anakoroma, mboni ya jicho moja imetanuka. Tukamwekea mpira wa hewa, tukahangaika na gari la wagonjwa, akapelekwa hospitali ya kanda. Kesho yake nilipiga simu kule, daktari aliyepokea hakuwa na habari zake, zamu ilishabadilika. Mpaka leo sijui kama alipasuliwa, wala kama aliamka. Na yuko mmoja kati ya wengi. Wagonjwa wa kichwa niliowapa rufaa, najua mwisho wa wachache mno.

Hilo ndilo lililonifanya nianze daftari. Naandika jina la mgonjwa, namba ya simu ya ndugu, alikuja saa ngapi, hali yake ilikuwaje, tulimfanyia nini. Nikitoka zamu narudi nalo nyumbani, na nikipata nafasi nawapigia ndugu. Wengine wananiambia kapona, wengine kafariki njiani, na wapo wanaosema "yupo, lakini si yule tena". Hao wa mwisho ndio wananinyima usingizi.

Nataka maisha yangu ya kazi yawe hapo: kutafiti majeraha ya ubongo. Lakini sijui njia. Daktari wangu wa juu ananiambia kama napenda ubongo nikasome upasuaji wa ubongo, kwamba dharura ni mahali pa kupitisha wagonjwa. Wakati huohuo nimepata nafasi ya mtafiti msaidizi kwenye mradi wa chuo cha nje, miaka miwili, mshahara karibu mara mbili ya ninaolipwa sasa, ila lazima niache kazi ya hospitali. Nasita, kwa sababu niliwahi kukusanya takwimu za mradi mwingine, makala ikatoka kwenye jarida, na jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani.

Nyumbani mama anasema, "Tulikusomesha uwe daktari, sasa unaenda kujaza makaratasi ya watu?" Mjomba aliyenilipia ada naye yuko upande wake. Naomba unishauri kama mwanao.

Daktari wa zamu ya usiku


JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na daftari, ingawa hukuniuliza, kwa sababu ndilo linalonitia hofu.

Daftari lenye majina, namba za simu na hali za wagonjwa halipaswi kukaa nyumbani kwako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazoziita nyeti. Likiibiwa, likisahaulika kwenye daladala, au mgeni akilifungua sebuleni, wewe ndiye utakayejibu, na ndugu wa wale wagonjwa ndio watakaoumia. Lirudishe hospitalini. Kaa na mkuu wa kitengo, mweleze ulichokuwa unafanya na kwa nini, kisha ombeni liwe rejesta ya kitengo: mgonjwa anaandikwa kwa namba, na orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa mahali pengine. Kumpigia ndugu ujue mgonjwa uliyemhudumia anaendeleaje ni sehemu ya udaktari. Kuyapanga majibu yale ili uyachapishe ni utafiti, na hilo linahitaji kibali cha kamati ya maadili kwanza, iwe ya chuo au ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na barua ya hospitali. Usichapishe hata mstari mmoja kutoka kwenye hilo daftari kabla ya hapo, hata kama mtu mkubwa atakuambia haina shida.

Nimeanza na ukali kwa sababu ulichokianza ni kizuri na nisingependa kife kwa kosa la namna hii. Madaktari wengi huona wagonjwa mamia wakipita wasijiulize walikoishia. Wewe umejiuliza, na umepiga simu. Swali la utafiti unalo tayari, ni nyenzo tu ambazo hujapewa.

Sasa hili la dharura au upasuaji. Daktari wako wa juu anakutakia mema, lakini kwenye hili simuungi mkono. Mtu akigonga lami, ubongo unapata jeraha la kwanza papo hapo, na hilo hakuna daktari awezaye kulirudisha nyuma. La pili linakuja katika dakika na saa zinazofuata: oksijeni inapungua, presha inashuka, damu inajikusanya ndani ya fuvu, ubongo unavimba. Hili la pili ndilo tunaloweza kulizuia, na sehemu kubwa yake hutokea mgonjwa akiwa barabarani, kwenye gari, au mbele yako. Mpasuaji wa ubongo humpokea aliyefanikiwa kumfikia. Na wengi walioumia kichwa hawahitaji kupasuliwa kabisa, wanahitaji mtu wa kuwaangalia kwa karibu na asiruhusu hali iharibike.

Ushahidi upo. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Randall Chesnut na wenzake, walichambua wagonjwa 717 walioumia kichwa vibaya, wakaona kwamba presha kushuka hata mara moja tu kuliambatana na vifo maradufu. Miaka mingi baadaye, jimbo la Arizona, daktari wa dharura Daniel Spaite na wenzake wakafundisha wahudumu wa magari ya wagonjwa mambo matatu: mgonjwa wa kichwa asikose oksijeni, presha isishuke, na asipuliziwe hewa kwa kasi kupita kiasi, maana kasi hiyo huibana mishipa ya damu ya ubongo. Matokeo yakatoka 2019, kwa wagonjwa zaidi ya 21,000. Ukiwachukua wote kwa pamoja, tofauti haikuonekana. Lakini kwa kundi la walioumia vibaya, uwezekano wa kutoka hai uliongezeka kama mara mbili, na kwa waliowekewa mpira wa hewa, kama mara tatu. Hapo hakuna dawa mpya wala mashine ya mabilioni. Ni oksijeni, dripu, na mkono wa mtu anayehesabu pumzi anapobonyeza mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa. Vitu hivyo unavyo hapo kwenye kitengo chako, ingawa mtungi wa oksijeni haujai kila siku, najua.

Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye saa zile za kwanza, kasome ubingwa wa tiba ya dharura. Kwetu fani hii bado changa. Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, mafunzo ya ubingwa yakaanza mwaka huo, na mabingwa wa kwanza wakahitimu 2013. Uchanga huo ni faida kwa mtu kama wewe: maswali ya msingi kabisa kuhusu wagonjwa wetu hayajajibiwa. Ni miaka mitatu, na lazima uandike tasnifu. Wenzako wengi huichukulia tasnifu kama kikwazo cha kuvuka ili wapate cheti, wanachagua mada rahisi. Wewe nenda na swali lako. Upasuaji wa ubongo ni kazi ya heshima kubwa. Uchague tu kama mikono yako inataka chumba cha upasuaji. Usiuchague kwa kuambiwa kwamba dharura ni ya kupitisha wagonjwa.

Utafiti utakuvunja moyo mara nyingi, na ni vizuri ulijue hilo mapema. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari duniani waliwachoma wagonjwa wa kichwa sindano za steroidi wakiamini zinapunguza uvimbe wa ubongo. Ilikuwa na mantiki, kila mtu aliiona. Kisha likaja jaribio la CRASH, lililoongozwa na watu wa Chuo cha Afya na Tiba ya Kitropiki cha London. Wagonjwa 10,008. Ndani ya wiki mbili, waliopewa steroidi walikufa asilimia 21.1, na waliopewa dawa ya kulinganisha isiyo na kiini cha tiba asilimia 17.9. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake na matokeo yakachapishwa 2004. Fikiria ni wangapi walipoteza maisha kabla ya mtu kuthubutu kuuliza.

Ikaja projesteroni, ile homoni. Maabara ilitoa matumaini, majaribio madogo yakatoa matumaini. David Wright, daktari wa dharura wa Chuo Kikuu cha Emory, akaongoza jaribio kubwa, na kundi jingine likafanya la kwake. Mwaka 2014 yote mawili yakatoka: haisaidii. Miaka ya kazi, na jibu ni hapana. Jibu hilo bado lina thamani, kwa sababu limewaepusha wagonjwa na dawa isiyo na faida na limewafanya watafiti watazame kwingine. Ila ukitaka kazi ambayo kila jitihada inazaa sherehe, hii siyo.

Hata pale jibu linapokuwa la kutia moyo, jifunze kulisoma bila kulivutia upande wako. Asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu ya kuzuia kuvuja damu, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kichwa 12,737 katika nchi 29, CRASH-3, 2019. Kwa waliotibiwa ndani ya saa tatu, vifo vya jeraha la kichwa vilikuwa asilimia 18.5 kwa waliopata dawa na 19.8 kwa wasiopata, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuwa hakika. Faida ilionekana wazi zaidi kwa walioumia kwa kiasi kidogo au cha kati, na kadiri walivyowahiwa. Utasikia watu wakisema "inafanya kazi" na wengine "haifanyi". Wewe uwe yule anayeuliza kwa nani, na baada ya saa ngapi. Ndiyo maana saa ya ajali kwenye rejesta yako ina uzito kuliko hata picha ya CT, ile ya kuangalia ndani ya fuvu.

Rejesta yenyewe isiwe ndefu. Muuguzi akiona karatasi ya kurasa nne saa tisa usiku hataijaza, na hana kosa. Andika saa ya ajali na saa ya kufika. Aliletwa na nani na kwa usafiri gani. Alivaa kofia ngumu au la. Oksijeni, presha na sukari za kwanza, kabla hamjamfanyia chochote. Mboni za macho. Alama za Glasgow, zile za kupima fahamu, usiandike jumla peke yake. "9 kati ya 15" haisemi kitu. Andika macho, sauti na mwendo wa viungo kila kimoja na alama yake, na useme kama alikuwa amekunywa pombe au ameshapewa dawa ya usingizi. Rejesta nyingi nzuri zimeharibikia hapo. Kisha namba za simu, na hapa usitosheke na moja. Ya mgonjwa mara nyingi imebaki kwenye simu iliyoibiwa au kuvunjika palepale kwenye ajali. Chukua ya ndugu, ya jirani, na ya dereva aliyemleta, maana madereva wa kijiwe kimoja hujuana, na hao ndio watakaokwambia amehamia wapi.

Baada ya miezi sita piga simu kwa utaratibu. Kuna kipimo kinachotumika duniani kote, kile cha matokeo cha Glasgow kilichopanuliwa, chenye ngazi nane kuanzia kifo hadi kupona vizuri, na maswali yake yanaweza kuulizwa kwa simu, hata kwa ndugu: anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani? Anaweza kwenda sokoni peke yake? Amerudi kazini? Mahusiano na watu wa nyumbani yamebadilika? Wale wanaokuambia "yupo, lakini si yule tena" wana ngazi yao humo. Hawaonekani kwenye ripoti za hospitali kwa sababu kwenye faili wameandikwa "ameruhusiwa". Dereva aliyekuwa analisha watu sita, sasa anasahau njia, anagombana na kila mtu, na mke hajui kwamba ni ubongo, anadhani ni tabia au karogwa. Utafiti ukiishia mlango wa wodi hautamwona huyo kamwe. Nakuomba hili ulifanye liwe lako.

Kuhusu ridhaa, jiandae nayo mapema. Mgonjwa wako hana fahamu na aliyemleta ni dereva asiyemjua jina. Mweleze mjumbe wa kamati ya maadili, kwa maandishi, ni nani atakayeombwa ridhaa, lini, na mgonjwa akizinduka utamrudia vipi yeye mwenyewe. Andiko lisilojibu hilo hurudishwa.

Na usidhani maswali makubwa ni ya nchi tajiri. Bolivia na Ekwado ndiko walikojaribu kama kupima shinikizo ndani ya fuvu kwa kifaa maalumu kunashinda kumwangalia mgonjwa kwa macho na kwa picha za CT. Wagonjwa 324, matokeo 2012: kifaa hakikushinda. Hospitali za Marekani zilizozoea kifaa hicho zingeona vigumu mno kuwanyima nusu ya wagonjwa wake. Hapa kwetu, jaribio la FEAST la Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na hospitali ya Muheza, lilionyesha mwaka 2011 kwamba kuwamiminia dripu ya haraka watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo, kutoka asilimia 7.3 hadi zaidi ya 10. Dunia nzima ilirudi mezani. Na kwenye majeraha ya ubongo hasa, tazama Moshi. Catherine Staton, daktari wa dharura kutoka Chuo Kikuu cha Duke, na wenzake wa hospitali ya KCMC walianza na rejesta ya wagonjwa wa kichwa. Pombe ikajitokeza kama tatizo, nao wakatengeneza mazungumzo mafupi ambayo muuguzi anayafanya na majeruhi kabla hajaruhusiwa, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kisha wakayapima kwa jaribio. Rejesta ikazaa swali, swali likazaa huduma. Njia ni hiyo.

Sasa mradi. Mshahara maradufu si jambo la kupuuza kwa mtu mwenye familia inayomtegemea, na sitakuambia uukatae. Nakuambia usiache kazi ya hospitali kwa ajili yake. Mradi una tarehe ya kufa. Mei 2025 taasisi za afya za Marekani, NIH, zilisimamisha utoaji wa ruzuku mpya zenye mgawo wa washirika wa nje mpaka utaratibu mwingine uwekwe, na mtu aliyekuwa amejenga maisha yake yote juu ya mgawo wa namna hiyo alipata shida kubwa. Omba likizo bila malipo, au ajira ya nusu muda, ubaki na zamu chache za dharura. Kama watakataa yote mawili, na ubingwa uko karibu, mimi ningekwenda ubingwa. Mtafiti wa dharura asiyegusa wagonjwa husahau haraka kinachowezekana saa tisa usiku, na baadaye ukiwa mwajiriwa wa chuo au hospitali ndipo utakapoweza kuomba ruzuku kwa jina lako mwenyewe.

La jina kuachwa kwenye makala linauma, pole sana. Shukrani ulistahili bila mjadala. Uandishi una masharti: kanuni ambazo majarida mengi ya tiba hufuata zinataka mtu awe amechangia wazo, takwimu au uchambuzi, ameshiriki kuandika au kuhariri, ameidhinisha nakala ya mwisho na yuko tayari kuwajibika. Kukusanya takwimu peke yake hakutoshi. Lakini kanuni hizohizo zinasema aliyechangia kwenye kazi apewe nafasi ya kushiriki kuandika, na hapo ndipo vijana wetu huzungukwa. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wowote, omba kwa barua pepe, kwa heshima: nitashiriki kuandika makala ipi, takwimu zitahifadhiwa wapi na nitaruhusiwa kuzitumia kwa tasnifu yangu, na kuna fungu la kunifundisha takwimu? Wakijibu vizuri, hao ni watu wa kufanya nao kazi. Wakikwepa, umeshapata jibu. La tatu lipe uzito, maana takwimu ndizo zitakazokutoa kwenye kuwa mkusanyaji. Programu ya R ni ya bure, ianze hata kabla ya ubingwa.

Mama na mjomba usiwajibu kwa hasira. Wanaogopa kitu halisi: walitoa jasho ili uwe na kazi yenye jina na mshahara wa uhakika. Waambie wazi kwamba unakwenda kuwa daktari bingwa, utaendelea kuvaa koti na kushika wagonjwa, na utafiti utaufanya ndani ya kazi hiyohiyo. Mjomba mwoneshe hesabu ya miaka na ada, umwambie ni ipi unaomba ufadhili na ipi utalipa mwenyewe. Mtu aliyekulipia ada anastahili kuona hesabu.

Wiki hii nenda kwa mkuu wa kitengo na daftari mkononi. Akikubali, andika kurasa tatu tu za andiko la rejesta, unitumie hapa kabla hujazipeleka kamati ya maadili. Nitazisoma, hasa sehemu ya ridhaa.